Shajara ya mradi: kuthibitisha kwa mkono kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa

Jumamosi, 8 Februari, Arua, Uganda

Leo tumefungua daftari la mradi. Tuko watu kumi na mmoja: walimu wawili wa hesabu, wanafunzi sita wa kidato cha tano na cha sita, fundi wa simu, dada mmoja anayeuza vitenge sokoni ambaye kwa hesabu za kichwa hakuna anayemfikia, na mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya uhasibu maisha yake yote. Kati yetu kuna Walugbara, Wakakwa, Wanubi na wenzetu waliotoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, kwa hiyo lugha ya kikao ni Kiswahili kama ilivyo sokoni, na shajara hii nitaiandika kwa lugha hiyo hiyo.

Lengo letu ni kuthibitisha, kwa kalamu na karatasi, bila kikokotoo, kwamba 2³¹ − 1 haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Namba hiyo ni 2,147,483,647, nayo inasomwa bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Ina tarakimu kumi tu. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana leo ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, iliyopatikana Oktoba 2024 na Luke Durant wa Marekani. Ina tarakimu 41,024,320, na hata ukoo mzima ukikaa chini kuihesabu kwa mkono hautaimaliza. Hii yetu inashikika, na kwa miongo mingi, kuanzia 1772, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko namba tasa zote zilizojulikana duniani.

Fundi wa simu aliuliza swali ambalo wengine walikuwa nalo moyoni: "Mwalimu, simu itatujibu kwa sekunde moja, sasa tunajichosha kwa nini?" Nilimjibu kwamba nataka kila mmoja wetu aweze kumweleza jirani yake sababu ya jibu hilo, hatua kwa hatua, na simu haitatupa sababu. Alikubali, kisha naye akatufundisha jambo. Kompyuta zinazotumia biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, kuandika namba, biti moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa, haziwezi kuivuka namba yetu. Saa za nyingi kati ya kompyuta hizo huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, nazo zitajaa Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za Uganda itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, dakika 14 na sekunde 7.

Jumamosi, 15 Februari

Kikao cha leo kilikuwa kirefu, na nitakieleza kwa kirefu kwa sababu kazi yote imesimama juu yake.

Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu kiko kati ya 46,340 na 46,341. Kujaribu namba tasa zote mpaka hapo ni kazi ya maelfu ya kugawanya, nasi hatuna muda huo. Kwa bahati njema, vigawo vya namba ya aina hii haviwezi kuwa na umbo lolote vipendavyo.

Chukua namba tasa q, na tuseme inaigawanya 2³¹ − 1 bila kubakiza. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa q inabakiza 1. Mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea hurudi kwenye 1 kwa mzunguko, na urefu wa mzunguko huo hauna budi kuigawanya 31. Lakini 31 nayo ni tasa, na mzunguko wa urefu wa 1 ungetaka 2 yenyewe ibakize 1, jambo lisilowezekana, kwa hiyo urefu ni 31 kamili. Mwanahesabu Fermat alituachia kanuni kwamba 2 ikipandishwa kwa kipeo cha q − 1 nayo hubakiza 1. Basi 31 inaigawanya q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo q ni lazima iwe 62k + 1.

Dada wa vitenge hakutaka kuipokea kanuni hivi hivi. Alichukua 2¹¹ − 1, yaani 2,047, akaivunja kuwa 23 × 89, akaonyesha kwamba 23 ni 2 × 11 + 1 na 89 ni 8 × 11 + 1. Akaongeza 2²³ − 1, ambayo ni 47 × 178,481, na 47 ni 2 × 23 + 1. Baada ya hapo alisema sasa anaweza kuendelea na sisi.

Kuna chujio la pili. Ikiwa 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2, na 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶. Kwa hiyo, tukihesabu kwa mabaki ya q, namba 2 ina kipeuo cha pili. Jambo hilo hutokea kwa namba tasa zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Uthibitisho wake ulitula saa nzima ubaoni, na sijutii dakika hata moja. Machujio mawili yakiunganishwa, vigawo vinabaki vya maumbo mawili: 248k + 1 na 248k + 63. Mpaka 46,340 kuna namba 186 za umbo la kwanza, na 187 za umbo la pili tukianza na 63. Maelfu yamekuwa 373.

Hii ndiyo njia aliyoipita mwanahesabu Leonhard Euler mwaka 1772 akiwa St. Petersburg, akaandika matokeo yake katika barua kwa Bernoulli wa Berlin. Wakati huo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa. Nilipowaambia hivyo wanafunzi walinyamaza, kisha mmoja akauliza ni nani aliyekuwa akimshikia kalamu. Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, kwa sababu linaonyesha kwamba kijana ameanza kuiona hesabu kuwa kazi inayofanywa na watu.

Jumamosi, 22 Februari

Tumeziandika namba zote 373 kwenye karatasi za miraba na kuzichuja. Kugawanya kwa namba isiyo tasa ni kupoteza muda, kwa hiyo tulizifuta zinazogawanyika kwa 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Mwanzoni ufutaji ulikuwa mkali: 63 ilikwenda, 249 ikaenda kwa kuwa ni 3 × 83, ikasimama 311; kisha 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241 zote zikafutwa, na iliyofuata kusimama ilikuwa 1,303. Mwanafunzi mmoja alifurahi alipoikuta 2,047 imekaa katikati ya orodha kama 248 × 8 + 63, ileile iliyovunjwa na dada wiki iliyopita. Zilizosalia mwisho wa siku hazikufika mia moja.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa ajili ya Ramadhani tumeanza asubuhi mapema, na kikao kimekwisha kabla ya jua kuwa kali.

Mzee mhasibu ndiye aliyeweka utaratibu wa kugawanya: kila mgawanyo ufanywe na watu wawili wasiotazamana, mmoja kwa wino wa buluu na mwingine kwa wino mwekundu, kisha hisa izidishwe na kigawanyo na baki iongezwe mpaka namba yetu irudi yote. Kwa 311 hisa ni 6,905,092 na baki ni 35. Kwa 1,303 hisa ni 1,648,107, baki 226. Kwa 1,489 hisa ni 1,442,232, baki 199. Kurasa zinaendelea namna hiyo, na kila mstari unaisha na baki.

Jumamosi, 15 Machi

Tumemaliza orodha. Hakuna kigawanyo hata kimoja kilichoacha sifuri, na kwa njia ya Euler 2,147,483,647 ni tasa.

Wanafunzi wawili walidhani mradi umekwisha. Niliwaomba tuendelee, na hapa naandika sababu yangu. Njia ya Euler imekamilika kwa mantiki, lakini ushahidi wake ni mlolongo mrefu wa migawanyo iliyoshindikana. Kama kwenye ukurasa fulani tungekosea palipostahili sifuri tukaandika baki ya 5, hakuna kitu kingepiga kelele. Kosa lingefanana kabisa na kurasa nyingine. Natamani tupate pia ushahidi wa aina ambayo kosa likiingia linaonekana. Ushahidi huo upo, na aliyeuanzisha ni Édouard Lucas wa Ufaransa, ambaye mwaka 1876 alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, namba yenye tarakimu 39, ni tasa. Baadaye D. H. Lehmer wa Marekani aliinyoosha njia hiyo ikawa rahisi kama tunavyoitumia sasa.

Jumamosi, 22 Machi

Kanuni inaelezeka kwa pumzi moja. Anza na 4. Kila hatua zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoipima na ubakie na baki. Kwa 2³¹ − 1 hatua ni 29. Baki ya hatua ya mwisho ikiwa 0, namba ni tasa. Isipokuwa 0, si tasa.

Tuliijaribu kwa ndogo. Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, tulipata 4, 14, 8, 0. Kwa 127 tulipata 4, 14, 67, 42, 111, 0. Kwa 2,047, ambayo tunajua kwamba si tasa, hatua ya mwisho ilitupa 1,736. Wanafunzi waliridhika. Mzee hakuridhika, alisema mifano mitatu haimtoshi mtu anayetia saini kwenye hesabu, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo niliandika ubaoni kinachofichwa na ile 4. Ni jumla ya 2 + √3 na 2 − √3, na hizo mbili zikizidishana zinatoa 1. Kipeo cha pili cha 2 + √3 ni 7 + 4√3, na pamoja na mwenzake 7 − 4√3 wanafanya 14, ambayo ndiyo hatua ya kwanza; kila hatua inayofuata ni jozi ileile imepandishwa tena kwa kipeo cha pili. Sasa tuseme hatua ya 29 imetoa sifuri, na wakati huohuo namba yetu ina kigawo tasa q kisichozidi kipeuo chake cha pili. Tukihesabu kwa mabaki ya q, sifuri ile inailazimisha 2 + √3 kuwa na mzunguko wa urefu wa 2³¹ kamili, yaani inapita mahali 2,147,483,648 tofauti kabla ya kurudi kwenye 1. Lakini mahali pote inapoweza kupita, kwa umbo la a + b√3 ambapo a na b ni mabaki ya q, hapazidi q² − 1 ukiondoa sifuri, na q² haizidi 2,147,483,647. Mzunguko umekosa nafasi ya kupita, kwa hiyo q haipo.

Mzee aliitazama namba 2,147,483,648 upande mmoja wa ubao na 2,147,483,647 upande wa pili kwa muda, kisha akasema: "Sasa nimeelewa. Tuanze." Kwangu mimi huo ndio moyo wa mradi wote. Namba zilizoumbwa kwa 2ⁿ − 1 zinapimika kwa urahisi kwa sababu namba inayofuata ni kipeo cha 2, na kipeo cha 2 hufikiwa kwa kurudia kitendo kimoja tu cha kuzidisha namba kwa yenyewe.

Jumamosi, 29 Machi

Tumegawanyika katika mabenchi mawili, la mlangoni na la dirishani, na kila benchi linafanya hatua zote 29 bila kuona karatasi za wenzao.

Hatua nne za kwanza hazina taabu: 14, 194, 37,634 na 1,416,317,954 zote ni ndogo kuliko namba yetu. Hatua ya tano ndiyo iliyotuuma. Kwa kuwa 1,416,317,954 imezidi nusu ya namba yetu, ni nafuu kutoa na kubaki na −731,165,693, maana kipeo cha pili hakijali alama. Kipeo hicho ni 534,603,270,620,170,249. Toa 2, ikawa na 247 mwishoni. Badala ya kugawanya kwa 2,147,483,647 tunagawanya kwa 2³¹, kisha tunaijumlisha hisa na baki, kwa sababu 2³¹ inabakiza 1 na kila hisa inageuka kuwa moja moja. Hisa ilikuwa 248,944,047 na baki 420,726,791. Jumla yake, 669,670,838, ndiyo hatua ya tano.

Ili kuokoa muda niliamua kwamba kila jumla ikaguliwe kwa kutupa tisa tu, yaani kujumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja, kisha kulinganisha. Mabenchi yote mawili yamefika hatua ya tisa.

Jumamosi, 5 Aprili

Uamuzi wangu wa wiki iliyopita umetugharimu kikao kizima. Tulipoweka karatasi za mabenchi mawili sambamba, hatua ya sita mpaka ya tisa hazikufanana hata kidogo. Tulirudi nyuma mstari kwa mstari tukakuta kwamba benchi la dirishani, lilipokuwa likinakili hatua ya tano kwenye ukurasa mpya, liliandika 669,760,838 badala ya 669,670,838. Tarakimu mbili jirani, 6 na 7, zilikuwa zimebadilishana nafasi. Kutupa tisa hakuwezi kuliona kosa hilo, kwa sababu jumla ya tarakimu haibadiliki: zote mbili zinaishia kwenye 8.

Dada wa vitenge ndiye aliyependekeza kutupa kumi na moja, ambako tarakimu hujumlishwa na kutolewa kwa zamu kuanzia kulia, kisha 11 huongezwa au kutolewa mpaka ibaki namba kati ya 0 na 10. Hisa inatoa 0 na baki inatoa 1, kwa hiyo jumla lazima itoe 1. Namba sahihi inatoa 1, na ile iliyokosewa inatoa 10. Kuanzia leo kila mstari unakaguliwa kwa tisa na kwa kumi na moja, na kila namba inayonakiliwa inasomwa kwa sauti na mtu wa pili. Benchi la dirishani limeanza upya hatua ya sita na limepata 1,937,259,419, sawa na wenzao.

Jumamosi, 12 Aprili

Hatua ya 7 mpaka ya 13. Mabenchi yamekubaliana.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumefika hatua ya 24. Nilitaka kuwaeleza mapema kwamba hatua ya 28 inaweza kutabirika, kwa sababu kama ya 29 ni sifuri basi kipeo cha pili cha ya 28 kinabakiza 2. Nilikuwa nimefungua kinywa tu, mzee akanizuia. "Mwalimu, usituambie unachotarajia. Mhasibu akijua jumla inayotakiwa, mkono wake huanza kuitafuta." Nimelinyamazia jambo hilo, na nashukuru kuwa naye kikaoni.

Jumamosi, 3 Mei

Benchi la mlangoni limemaliza hatua ya 28 kwanza, na benchi la dirishani likafuata baada ya kama nusu saa. Karatasi zote mbili zilifunuliwa pamoja. Ilikuwa 65,536 kwa wino wa buluu na 65,536 kwa wino mwekundu.

Baada ya kurasa nyingi za namba zenye tarakimu tisa na kumi zisizo na sura yoyote, kuiona 65,536 kulimfanya mwanafunzi mmoja asimame, kwa kuwa aliitambua papo hapo: ni 2¹⁶. Ndipo nilipowaeleza nilichozuiwa kukisema: vipeuo vya pili vya 2 kwa mabaki ya namba yetu ni viwili tu, 65,536 na mwenzake 2,147,418,111, na hatua ya 28 ilikuwa lazima iangukie kimojawapo. Hatua ya mwisho nilimwachia dada wa vitenge aifanye ubaoni. Aliandika 65,536 × 65,536 = 4,294,967,296, akatoa 2, ikabaki 4,294,967,294, na chini yake akaandika 2 × 2,147,483,647. Baki 0.

Tulitumia muda uliosalia kuzidisha namba yetu kwa 2³⁰, kwa sababu kila namba tasa ya aina hii huzaa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Tulipata 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kwamba hiyo ndiyo namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, akiamini hakuna mtu atakayejishughulisha kutafuta nyingine. Wanafunzi waliishangaa kauli hiyo, kwa sababu wao walikwisha kuuliza ni ipi inayofuata.

Namba tasa ya aina hii inayofuata ni 2⁶¹ − 1, yenye tarakimu 19, ambayo Ivan Pervushin, kasisi wa Urusi, aliithibitisha mwaka 1883. Itahitaji hatua 59, na kila kuzidisha kutakuwa na urefu karibu mara nne ya huu wa sasa. Mzee amekwisha kupiga mistari kwenye daftari jipya, safu ya tisa kushoto na safu ya kumi na moja kulia.